Kuandaa Kitabu cha Kidijitali kwa Msomaji wa Nukta Nundu

Watunzi na wachapishaji wadogo wa Mombasa siku hizi huandika kwenye Word, hugeuza maandishi kuwa PDF, kisha huyatuma kwa WhatsApp, na wengi wao huamini kwamba kitabu kikishaingia ndani ya simu basi kila mwenye simu anaweza kukisoma, asiyeona akiwamo. Imani hiyo ina nusu ya ukweli. Mwanafunzi asiyeona kule Likoni, ambako ipo shule ya wasioona, anaweza leo kusikiliza au kupapasa kitabu ambacho zamani kingelazimika kupigwa upya kwa mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu (maandishi ya vinukta vya kupapasa, yaani Braille), ukurasa baada ya ukurasa. Lakini ataweza iwapo tu faili imebeba, pamoja na maneno yenyewe, taarifa kuhusu kazi ya kila fungu la maneno: kwamba hiki ni kichwa cha sura, huu ni ubeti, ile ni tanbihi, na sentensi hii ni ya Kiarabu. Taarifa hiyo ndiyo inayokosekana mara nyingi, na makala haya yanahusu namna ya kuiweka.

Tuanze na kinachotokea upande wa msomaji. Kisoma skrini, yaani programu kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu za Android, hakitazami ukurasa kama jicho linavyoutazama. Huchukua maandishi yaliyomo ndani ya faili na kuyapeleka kwenye sauti ya kompyuta au, iwapo msomaji amekiunganisha, kwenye kifaa cha nukta nundu, ambacho ni ubao mdogo wenye safu ya seli, yaani nafasi za alama moja moja, zilizo na vijipini vinavyoinuka na kushuka kadiri maandishi yanavyosonga. Njia nyingine ni karatasi: programu ya tafsiri hugeuza maandishi kuwa nukta, na mashine ya kuchapa huziinua kwenye karatasi nene. Njia zote hizi hutegemea faili ileile moja, na kosa lililomo ndani yake hujitokeza kotekote, ingawa kila mahali kwa namna yake.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu PDF ni kama ina maandishi kweli. Kitabu kilichopigwa skani ni mfululizo wa picha. Jicho linaona maneno, programu inaona wino. Njia rahisi ya kubaini ni kujaribu kuchagua neno moja kwa kishale cha kompyuta: likichagulika peke yake, maandishi yapo; ukurasa mzima ukichagulika kama kipande kimoja, hakuna cha kusomwa. Zipo programu za kutambua herufi ndani ya picha, na mojawapo iliyo ya bure, Tesseract, inakijua Kiswahili, lakini matokeo yake lazima yasomwe na mtu neno kwa neno, hasa kwa vitabu vya zamani vilivyofifia. Hata PDF yenye maandishi halisi imejengwa kwanza ili kusema kila herufi inakaa wapi kwenye karatasi. Inaweza kuwekewa lebo za muundo, ila lebo hizo hupotea kwa urahisi, na kuzirekebisha baadaye ni kazi ya kuchosha. Kwa kitabu cha kusomwa, EPUB ni chaguo bora. Ndani yake kuna kurasa za HTML, lugha ileile inayoandikiwa kurasa za wavuti, zilizofungwa pamoja, orodha ya yaliyomo, na ukurasa wa taarifa za kitabu, na maandishi yake hujipanga upya kulingana na kifaa alichonacho msomaji.

Kwa nini kujipanga upya kuwe na uzito kiasi hicho? Jibu limo katika nukta zenyewe. Louis Braille, aliyezaliwa Coupvray nchini Ufaransa mwaka 1809 na kuchapisha mfumo wake mwaka 1829, alitumia nukta sita kwa kila seli, na nukta sita hutoa mipangilio 64 tu, ukihesabu pamoja na seli tupu. Hakuna rangi wala fonti, na hakuna herufi nene ama kubwa kwa umbo. Herufi kubwa hutanguliwa na alama yake, tarakimu hutanguliwa na alama yake, na kila alama hula nafasi. Ukurasa uliozoeleka wa karatasi ya nukta nundu una mistari 25 ya seli 40, yaani nafasi 1,000, ndiyo maana ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida hutanuka ukawa kurasa mbili au tatu. Vifaa vya kielektroniki ni vifinyu zaidi. Orbit Reader 20, ambacho kimewafikia wanafunzi wa shule kadhaa nchini Kenya, kina seli 20 pekee. Msomaji wake hupita kitabu kizima nafasi ishirini kwa nafasi ishirini, na hili ndilo jambo ambalo mwandaaji mwenye macho husahau upesi kuliko yote.

Maktaba nyingi za nukta nundu bado hubadilishana faili za BRF, yaani faili za maandishi yaliyokwisha kugeuzwa kuwa nukta, ambazo mistari yake imeshakatwa tangu mwanzo kwa kipimo cha karatasi. Ukizifungua kwenye kifaa cha seli 20, kila mstari huvunjika vibaya, na mapengo yaliyowekwa ili kuweka kichwa katikati hugeuka kuwa seli tupu ambazo kidole hupita bila kukuta kitu. Muungano wa DAISY, ulioanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya vitabu vya sauti vya wasioona, sasa unaendeleza muundo uitwao eBraille, ambao umejengwa juu ya HTML kama EPUB ilivyo na hukiachia kifaa kazi ya kukata mistari. Mwandishi wa Mombasa hahitaji kuujua muundo huo kwa undani. Akiandaa EPUB safi, wengine wataweza kuigeuza.

Usafi wa kwanza ni vichwa. Mwenye macho akiona maneno manene katikati ya ukurasa hujua kwamba sura mpya imeanza, na kwenye Word wengi wetu huyapata maneno hayo kwa kuchagua herufi nene za ukubwa wa 16 na kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka yafike katikati. Kwa kisoma skrini hiyo ni aya ya kawaida iliyotanguliwa na nafasi nyingi tupu. Ukitumia mtindo wa kichwa uliomo ndani ya Word yenyewe, wa ngazi ya kwanza kwa sura na wa ngazi ya pili kwa sehemu za sura, maneno yataonekana vilevile, lakini sasa faili inajua ni kitu gani. Anayetumia NVDA atabonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Programu ya tafsiri itakipanga kichwa inavyostahili kwenye karatasi. Na hati ikigeuzwa kuwa EPUB, orodha ya yaliyomo itajiunda yenyewe, kila jina la sura likiwa kiungo. Orodha iliyoandikwa kwa mkono, yenye safu ya vitone hadi kwenye nambari ya ukurasa, haina faida yoyote hapa.

Nambari za kurasa ni suala linalosahaulika kwa sababu EPUB haina kurasa za kudumu kama za kitabu cha karatasi. Mwalimu akisema darasani, "Fungueni ukurasa wa 47," mwanafunzi mwenye kitabu cha kidijitali hukwama, isipokuwa mwandaaji awe ameweka alama mahali ambapo kila ukurasa wa kitabu cha karatasi ulianza, jambo ambalo EPUB 3 inaliruhusu pamoja na orodha ya kurasa za kurukia. Kwa riwaya ya kujisomea nyumbani jambo hili linaweza kuachwa. Kwa kitabu cha kiada, kuliacha ni kumtenga mwanafunzi na darasa lake.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo kwa maoni yangu inaviumiza vitabu vya Kiswahili kuliko nyingine zote, nayo ni kutotaja lugha. Kila EPUB, na kila ukurasa wa HTML uliomo ndani yake, una mahali pa kuandika msimbo wa lugha, na wa Kiswahili ni herufi mbili tu: sw. Word nayo ina mpangilio wa lugha ya maandishi, na kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekwa Kiingereza. Mwandishi asipoubadilisha, riwaya nzima ya Kiswahili hutoka ikijitambulisha kuwa ya Kiingereza. Kisoma skrini kinachofuata utambulisho huo huisoma kwa sauti ya Kiingereza, ilhali eSpeak NG, injini ya sauti inayokuja pamoja na NVDA, inayo sauti ya Kiswahili ambayo ingefanya kazi kama ingeitwa. Msikilizaji aliyezoea hukisia maneno na kuendelea, tena wengi wamezoea mno hata hawalalamiki tena.

Kwa vidole hali ni mbaya zaidi. Nukta nundu za Kiingereza zina daraja la vifupisho, ambamo makundi ya herufi "the", "and", "for", "of", "sh", "th", "in" na "ing" kila moja huwakilishwa kwa seli moja. Kitabu cha Kiswahili kikipitishwa kwenye jedwali la tafsiri la Kiingereza, yaani orodha ya kanuni ambazo programu hufuata kugeuza herufi kuwa nukta, vifupisho hivyo huangukia maneno yetu bila kujali silabi. Forodhani huanza na seli ya "for". Kofia hupata seli ya "of" katikati. Kandanda hubebeshwa seli ya "and" mara mbili mfululizo, na shingo hubaki na seli tatu. Thelathini, neno la herufi kumi, hugeuka kuwa seli sita, ya kwanza ikiwa ile ya "the". Mtoto aliyefundishwa nukta nundu za Kiswahili hapo hana neno la kusoma, ana fumbo la kufumbua, na baya zaidi ni kwamba hakuna mtu mwenye macho karibu yake atakayeliona kosa, kwani kwenye skrini neno limeandikwa sawasawa.

Dawa ipo. Liblouis, programu huria ya tafsiri ambayo NVDA na programu nyingine kadhaa huitegemea, ina majedwali ya Kiswahili cha Kenya, lisilo na vifupisho na yenye vifupisho. Kwenye kifaa, mara nyingi msomaji mwenyewe ndiye anayechagua jedwali. Kwenye uchapaji wa karatasi, uchaguzi hufanywa na mwandaaji au hutokana na lugha iliyotajwa ndani ya faili. Kwa hiyo mchapishaji anapaswa kuweka msimbo sahihi na, anapopeleka kazi kuchapwa, aandike waziwazi ni lugha gani na ni daraja gani analotaka. Sentensi nzima za Kiingereza zilizomo ndani ya kitabu ziwekewe msimbo wake, en, mahali zilipo. Majina ya watu na maneno ya mkopo kama benki na stesheni yaachwe chini ya Kiswahili.

Mombasa ina jambo lake la ziada hapa, kwa kuwa vitabu vingi vya dini, historia na ushairi hunukuu Kiarabu kwa hati yake. Wengi hukwepa usumbufu wa kuchapa kutoka kulia kwenda kushoto kwa kubandika nukuu kama picha, na hapo kwa asiyeona nukuu inakuwa imefutwa. Iandikwe kama maandishi, ipewe msimbo wa Kiarabu, ar, na ielezwe mwelekeo wake ndani ya HTML. Huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji kwamba nukta nundu za Kiarabu zenyewe husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama zile za Kiswahili. Mwelekeo wa hati ni shida ya skrini peke yake, na ukishawekwa vizuri humo, kidole hakiuhisi.

Kingine kidogo, lakini cha kila ukurasa, ni alama ya ritifaa katika ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Word hupenda kuibadilisha iwe alama ya kunukuu iliyopinda, nayo hupinda huku au kule kutegemea ilivyochapwa na mahali ilikobandikwa kutoka. Kwa jicho tofauti ni unywele. Kwa nukta nundu, ritifaa na alama ya kufungulia nukuu ni vitu viwili, na anayetafuta neno ng'ombe ndani ya kitabu hatalipata liliko na alama nyingine. Mwandaaji achague alama moja ya ritifaa na kuisawazisha kitabu chote kabla ya kufanya lolote jingine.

Kisha kuna mashairi. Huu ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, na diwani bado zinachapishwa, lakini miongozo ya kuandaa vitabu imeandikwa na watu waliofikiria nathari, na wakifikiria ushairi hawakufikiria wa kwetu. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Wachapaji hupenda kuweka ukwapi kushoto na utao kulia, na pengo pana katikati. Wakilipata pengo hilo kwa safu mbili au kwa visanduku vya maandishi, kisoma skrini chaweza kusoma vipande vyote vinne vya kushoto kwanza, ndipo kishuke kwa vinne vya kulia. Vina vya kati vitafuatana, vya mwisho vitafuatana, na maana itakuwa imevurugika kabisa. Wakilipata kwa nafasi nyingi tupu, mpangilio wa kusoma utabaki sawa lakini seli zitapotea bure.

Tuchukue mshororo huu, nilioutunga kwa ajili ya mfano tu:

Pwani kumenipendeza, mawimbi yanapokuja

Ukihesabu herufi, koma na nafasi, ni 39. Ukiongeza alama ya herufi kubwa, kwa nukta nundu zisizo na vifupisho, unapata seli 40. Mshororo wote unaenea katika mstari mmoja wa karatasi bila kubakisha hata seli moja. Kwenye kifaa cha seli 20 kipande cha ukwapi peke yake, pamoja na koma yake na alama ya herufi kubwa, kinahitaji seli 21, kwa hiyo neno la pili litateremka lote na kidole kitakutana na "Pwani" likiwa peke yake. Mtu anaweza kushawishika kukata kila mshororo mara mbili ili kuokoa hali hiyo. Sishauri hivyo. Anayesoma karatasi atapata ubeti wa mistari minane na kudhani ni bahari nyingine ya ushairi, na anayesoma kwenye kifaa bado atakatiwa maneno. Heri mshororo ubaki kitu kimoja ndani ya faili, vipande vyake vikitenganishwa kwa koma na nafasi moja, na ubeti mzima uwekwe ndani ya fungu moja ili mpaka wake ujulikane. Kwenye karatasi, kanuni iliyozoeleka ni kuanzisha mshororo kwenye seli ya kwanza na kuanzisha mabaki yake, yakiwapo, kwenye seli ya tatu. Kwa seli mbili hizo tupu kidole hujua kwamba huu si mshororo mpya. Nambari ya ubeti iandikwe kama maandishi mwanzoni mwa ubeti, isielee pembeni. Utenzi, wenye mizani nane kwa kila mstari, hauna matata mengi hivi.

Picha zinahitaji maelezo mbadala, na maelezo hayo hutegemea picha imewekwa kwa kazi gani. Katika kitabu cha historia, chini ya ramani ya Fort Jesus, maneno "ramani ya Fort Jesus" hayaongezi chochote ambacho maelezo ya chini ya picha hayajasema. Afadhali kueleza kwamba ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, inaonyeshwa kutoka juu, ikiwa na buruji nne na umbo linalokaribia la mtu aliyelala, na ni upande upi uliotazama bahari. Ua la mapambo mwishoni mwa sura lisielezwe. Liachwe na maelezo matupu ili kisoma skrini kiliruke. Michoro ya kupapasa ni kazi ya mtaalamu, wala haitoki ndani ya EPUB. Jedwali, kwa mfano la maji kujaa na kupwa Kilindini, litengenezwe kama jedwali halisi lenye vichwa vya safu vilivyotajwa, bila visanduku vilivyounganishwa, ili msomaji anaposhuka kwenye safu aambiwe kama nambari anayoisikia ni saa au ni kimo cha maji.

Kuhusu sheria, wachapishaji wengi wana hofu ambayo haina msingi mkubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kuendeleza matumizi ya nukta nundu, na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala kwa ajili ya wasioona, na kubadilishana nakala hizo kati ya nchi wanachama, bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki. Nakala hizo ni za walengwa wa mkataba, si za soko. Lakini taasisi ikipokea PDF iliyopigwa skani italazimika kuanza kazi upya, na ndiyo sababu faili nzuri kutoka kwa mchapishaji ina thamani kuliko ruhusa yake.

Kazi ikikamilika, ipimwe. Ace, programu ya bure ya DAISY, hukagua EPUB na kutaja mapungufu: lugha haikutajwa, picha haina maelezo, vichwa vimeruka ngazi. Thorium Reader, nayo ya bure, hufungua kitabu kwa namna inayoelewana na visoma skrini. Hata hivyo, Ace inaweza kujua kwamba picha ina maelezo, haiwezi kujua kama maelezo hayo ni ya maana, wala haitagundua kwamba utao umesomwa kabla ya ukwapi. Kwa hayo anatakiwa msomaji mzoefu wa nukta nundu, alipwe kama anavyolipwa msoma prufu, na apewe kazi mahususi: afike sura ya tatu bila kuelekezwa, afungue ukurasa wa 47, atafute neno lenye ritifaa, na asome ubeti mmoja kwa sauti huku mtunzi akifuatilia kwenye nakala yake.